Pazia la Asukile

Mimi Evarista sina uvumilivu na watu wanaosikiliza muziki kwa mdomo. Na barazani kwa Taherali, pale Mbeya mjini, ndiko walikojaa. Taherali aliniruhusu niweke cherehani yangu nje ya duka lake, ili mtu akinunua kitambaa anikute hapohapo nimshonee. Basi kila alasiri mashabiki wa Loleza Jazz walikuja kuizunguka gramafoni yake, wakanipigia kelele masikioni mpaka nikakosea pindo. Mwaka ule, hamsini na sita, ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: Asukile.

Asukile alikuwa mpiga gitaa wa Loleza Jazz tangu bendi ilipoanza, askari waliporudi vitani. Baadaye vijana wakataka tarumbeta na mwendo wa haraka, wakamwambia mzee, pumzika sasa. Akabeba gitaa lake akatoka bila kuaga. Watu wa santuri walipopita kutoka Nairobi na mashine yao ya kunasa sauti, akarekodi peke yake, kwa jina lake. Nasema peke yake, lakini kwenye santuri ile alikuwemo mwanamke aliyekuwa anamjibu, na hakuna shabiki hata mmoja aliyemjua.

"Bila yule mama, hiyo santuri ni kikohozi kitupu," alisema Gideoni, karani aliyejiona anajua kila kitu kwa sababu alivaa tai. "Mzee kifua kimekwisha. Ataweza wapi kuzunguka miji? Hata Chimala hafiki."

"Wee, koma!" Jailos alimrukia. Huyu Jailos alikuwa fundi wa malori, Msafwa, shabiki wa Asukile kuliko wote. Angeweza kuacha injini imefunguliwa barabarani akasikilize wimbo. "Asukile akipiga uzi mmoja, hao vijana wako wote na matarumbeta yao wakae chini. Apewe ukumbi tu, na yule mama asimame pembeni yake. Mtalia!"

"Na kwa nini yule mama hamtaji Asukile kwa jina? Nyimbo zote mwitikiaji anaita, 'Piga, fulani, piga!' Huyu kimya. Hata kumsifu hataki."

"Ana maringo."

"Hana maringo, anaona haya."

"Basi mmoja wenu amuulize!" niliwafokea. "Na sogeeni, mnaniziba mwanga."

Hawakumuuliza, na mimi nilijua jibu, lakini halikuwa langu la kutoa. Yule mwanamke alikuwa Tusekile, mke wa Saulo, na Saulo ni mtoto wa pekee wa Asukile. Sisi Wahehe tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini Wanyakyusa, jamani, hao wamevuka mpaka. Mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, hata jina lake halipiti mdomoni. Akimsikia anakuja, anajifunika na kupita pengine. Ukristo uliwakuta hivyo na kwa Tusekile ukamwacha hivyo.

Walikuwa wanaishi ua mmoja kule Majengo, nyumba mbili zimetazamana, kwa sababu Asukile alifiwa na mkewe na Saulo hakuwepo. Saulo alikuwa utingo wa lori, akaenda migodi ya shaba kule Ndola. Alisema anakwenda kutafuta mtaji. Mvua zikaja zikaenda, zikaja tena, hakuna salamu wala mtu aliyemwona. Tusekile alipika, akaweka chakula mlangoni kwa mkwewe, akakohoa, akaondoka. Asukile naye akikaribia nyumbani alipiga uzi mmoja wa gitaa tangu nje, ili mkwe asikie na ajiepushe. Uzi mmoja ukawa nyuzi mbili. Siku moja Tusekile akiwa jikoni akaujibu kwa sauti, yeye ndani na mkwewe nje ya ukuta, na hivyo ndivyo wimbo ulivyozaliwa. Mzee anawauliza wapita njia wa Tunduma kama wamemwona mtoto wake, na mwanamke anajibu kwamba hajaonekana, lakini moto bado unawaka.

Asukile hakutaka jina mjini. Alitaka wimbo ufike Ndola, Saulo ausikie, arudi. Aliniambia hivyo mwenyewe alipokuja kunipa kazi ya kushona pazia la kaniki, tena kaniki iliyokunjwa mara mbili ili kisionekane hata kivuli. Siku ya kurekodi, darasani kwenye shule ya misheni, pazia lile lilining'inizwa katikati ya chumba. Tusekile aliingia kwa mlango wa nyuma baada ya mzee kuketi, akatoka kabla hajanyanyuka. Mimi nilikaa upande wa Tusekile. Naapa mbele ya Bikira Maria, hawakuonana.

Sasa Taherali, ambaye aliona santuri inavyogombewa, akapata wazo. Angemkodia Asukile ukumbi Iringa, dansi la Jumamosi alasiri. Watu wa Iringa wakipenda, basi mpwa wake Firoz, ambaye lori lake linakwenda mpaka Ndola, atawachukua wote wawili, wakipiga mji hadi mji.

"Na wakikataa?" Asukile aliuliza.

"Wakikataa, mzee, umekaa nyumbani," alisema Taherali. "Mimi siwezi kubeba hasara mpaka Rhodesia."

Kwa hiyo safari ya kumfuata Saulo ikawekwa mikononi mwa watu wa Iringa. Mungu wangu. Wale ni ndugu zangu, nimezaliwa Kalenga, masista wa Tosamaganga ndio walionifundisha kushona, nawajua. Mhehe hadanganywi kirahisi, na akidhani anadanganywa, utamkoma.

Tulikwenda na lori la Firoz. Asukile alikaa mbele, amekaza macho barabarani, hakugeuka nyuma njia nzima. Mimi na Tusekile tulikuwa nyuma juu ya magunia. Jailos naye alikuja, kajilipia mwenyewe, kavaa koti la harusi yake. Nilimwambia Jailos, "Pazia ni la heshima, usiulize." Akasema haulizi. Nilipaswa kumweleza zaidi? Hapana! Mtu mzima akiambiwa jambo ni la heshima, inatosha.

Ukumbi ulijaa. Mimi na Tusekile tulikaa nyuma ya pazia, Asukile mbele yake. Wimbo wa kwanza walicheza, wa pili wakacheza. Kisha Asukile akapiga ule wenyewe, na sauti ya Tusekile ikatoka nyuma ya kaniki. Lo! Mimi niliyeizoea nilisisimka. Tatizo ni kwamba ilitoka safi mno, sawasawa na santuri, pumzi kwa pumzi, kwa kuwa Tusekile aliimba hivyo kila siku jikoni kwake. Nikachungulia pembeni ya pazia, watu wameanza kusimama. Wakatazamana.

"Ni gramafoni hiyo!" mtu akapiga kelele.

"Wameficha santuri nyuma! Tumelipa kusikiliza santuri?"

"Mtoeni tumwone! Kama ni mtu, mtoeni!"

Asukile aliendelea kupiga, jasho linamtoka. Tusekile aliendelea kuimba, ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu. Nikamwashiria aendelee tu. Upande wa pili wa pazia Jailos alikuwa anagombana na ukumbi mzima. "Siyo santuri! Wapumbavu nyie, ni mtu mzima mwenye pumzi zake! Mnamtukana Asukile mbele yangu?" Alikuwa analia kwa hasira, maskini. Alimpenda Asukile kweli kweli. Na kwa mapenzi hayohayo akapanda jukwaani, akashika pazia langu kwa mikono miwili, akalivuta.

"Haya! Tazameni!"

Nilipiga yowe, lakini kaniki ilikuwa chini tayari. Asukile aligeukia ukuta papo hapo, akaegemeza paji la uso pale. Tusekile akajifunika kanga kichwani, akachuchumaa, akageuza mgongo. Nikamkumbatia. Ukumbi ukaangua kicheko.

Asukile hakuacha kupiga. Aliumalizia wimbo akiwa ameutazama ukuta, na kila alipofika mahali pa kujibiwa, alisubiri, na hakuna aliyejibu.

"Anatupa mgongo! Mzee gani huyu, anatukana watu?" Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakitema mate mlangoni. Jailos alibaki ameshika kaniki, hajui aiweke wapi. Nilipomweleza sasa alichofanya, alikaa chini sakafuni na koti lake la harusi.

Tulirudi na lori lilelile, safari hii nyuma kumejaa matenga ya nyanya za Ilula. Tuliposimama Sao Hill, Asukile aliniita pembeni.

"Mwambie sikumwona," alisema. "Niligeuka mapema. Sikuona hata kidole."

Nikaenda nikamwambia Tusekile. Naye akasema, "Mwambie baba hata mimi sikumwona. Nilikuwa nakutazama wewe." Nikarudi nikamwambia. Alifuta macho kwa kiganja, akapanda mbele.

Barazani, eti, mashabiki wakakata shauri. Gideoni alisema alijua tangu mwanzo, Asukile bila bendi hana kitu, na sasa kiburi kimempanda, anawageuzia watu mgongo. Nilimrushia kipande cha sabuni ya kuchorea nguo, kikampata kwenye tai. Jailos aliondoka siku ile, na siku nyingi zilizofuata hakuja kabisa. Taherali alifuta habari ya safari. Hata hivyo alikuwa na makasha ya santuri zilizobaki, akampa Firoz akazijaribu huko Ndola. Asukile aliposikia, uso ulimfunguka kidogo. Kama hawezi kwenda yeye, basi sauti iende.

Firoz alirudi mvua zimeanza. Sijawahi kuona kijana ana furaha vile. Alipiga honi tangu kona ya soko.

"Zimekwisha zote!" alimwambia mjomba wake. "Watu wa migodini wanaimba mpaka njiani! Wanasema, mleteni huyo mzee na mama anayemjibu, watajaza ukumbi siku zote mtakazotaka!"

Baraza lililipuka. Gideoni akawa wa kwanza kucheza. "Si niliwaambia? Asukile! Asukile huyo!" Na Jailos, ambaye aliletwa na ile honi, akashika nguzo ya baraza akaanza kulia tena. Taherali alikuwa anasema atakodi ukumbi Tunduma, atakodi Ndola, pazia au bila pazia. Mimi nilimtazama Firoz. Aliponiona tu, furaha ikampungua.

"Mama Evarista, njoo nikuambie," akasema, akanipeleka nyuma ya lori.

Alimwona Saulo. Alikuwa amepiga santuri kwenye klabu ya pombe, na Saulo akatoka katikati ya watu, amenenepa, mzima wa afya. Wimbo ndio kwanza umeanza, akamwomba Firoz aurudishe mwanzo. Mwanamke alipojibu, akainua sindano ya gramafoni kwa mkono wake.

"Akaniuliza, wameimba pamoja? Nikasema ndiyo, baba yako na mkeo, hongera! Akauliza, chumba kimoja? Nikamwambia kulikuwa na pazia, mama Evarista, nilimwambia, naapa. Akacheka. Akasema, miaka yote hii nipo mbali, mama yangu amekufa, na wewe unaniambia habari ya pazia?"

"Halafu?"

Firoz aliangalia viatu vyake. "Akasema, mwambie mzee nimesikia. Sasa akae na mke wake."

Nilisimama pale nyuma ya lori, na barazani wanaimba ule wimbo kwa pamoja, vibaya, wengine sauti ya mzee na wengine sauti ya Tusekile. Nilitamani kuwapiga wote kwa chuma cha cherehani. Pazia nililishona mimi. Nilihesabu mikunjo yake. Lakini kwenye santuri pazia haliingii. Unasikia mwanamume na mwanamke tu, wanapokezana pumzi, wamekaribiana.

Nilikwenda Majengo kwa miguu. Nilianza na Asukile, kwa kuwa ni mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie binti yangu yuko huru. Arudi kwao Rungwe. Mimi nitamwambia baba yake kwamba hana kosa."

Nikavuka ua nikaingia kwa Tusekile, nikamwambia yote, maana ningemficha nini? Alikuwa anapepeta mchele. Hakulia. Aliuliza, "Alisikiliza mpaka mahali pa moto?" Nikasema hapana, aliinua sindano kabla. Akaendelea kupepeta. "Mwambie baba sitoki," akasema. "Nikiondoka leo, watasema ni kweli."

Nikavuka tena, nikampa jibu.

Mashabiki bado wananiuliza. Gideoni anataka kujua santuri ya pili lini, Taherali anasema ukumbi wa Tunduma unangoja. Nawaambia waende Majengo jioni wakajionee. Asukile hagusi tena gitaa. Amefunga kopo kwenye ncha ya fimbo yake, na akikaribia ua analigonga mara moja, ili mkwe asikie. Tusekile huweka chakula mlangoni, hujifunika kanga, na huingia jikoni bila kuitikia.