Kiti Hakijacheka

Saa mbili na robo asubuhi Mama Poda, mpambaji wa waigizaji, alikuwa akimfunga mumewe bendeji ya nyonga, mizunguko minne, pini mbili. Mumewe alishikilia sinki la chumba cha vipodozi, akiimba puani. Daktari hakuwa amezunguka mbuyu: akianguka vibaya mara nyingine moja tu, hatatembea tena. Mumewe, ambaye nchi nzima ilimwita Tikiti kwa sababu ya tumbo lake, alimshukuru daktari vizuri sana, kisha akaenda kazini.

Nje, mtu wa vifaa alikuwa akikipangusa vumbi kiti cha mwongozaji, kiti cha turubai cha kukunja, kilichochanika pembeni. Mwongozaji mwenyewe alizikwa miezi mitano nyuma, lakini kicheko chake kilibaki kitini. Na kwa kuwa filamu ya kumi na mbili ilikuwa imeshapangwa, hakuna aliyeona haja ya kutafuta mtu mwingine wa kucheka. Binti wa marehemu alishika uongozi. Alisimama kando ya kiti, kwa adabu, wala hakukikalia.

Kuamua kwa kicheko ndio uliokuwa utaratibu wao tangu filamu ya kwanza. Marehemu hakuwa mtu wa kusifu. Tikiti aliigiza, na kama mwongozaji hakucheka, alisema neno moja: "Tena." Akicheka, picha imepita, watu wakanywe chai. Halafu aliinuka, akamkumbatia Tikiti, akamwambia, "Ndugu yangu, utaniua." Kwa ajili ya kicheko kile Tikiti alikuwa radhi atembee juu ya misumari. Wakatengeneza filamu kumi na moja hivyo hivyo, na watu walilipa viingilio wakashika mbavu.

Sasa siku mbili za mwanzo kiti kilinyamaza. Na si kwamba Tikiti alizembea, la! Aligombana na kabati la nguo mpaka likaonekana lina makosa, na mpiga kamera akalazimika kuuma kola ya shati lake asicheke. Kiti kimya. "Tena, baba mdogo," alisema binti. "Samahani, tena." Siku ya tatu mlango ulimbana Tikiti kidole, si kwa kuigiza, na ukucha ukang'oka. Hapo kiti kikacheka. Wote wakashusha pumzi.

"Mzee yupo," alisema mtu wa vifaa, akaenda kuchemsha maji.

Mama Poda alikisafisha kidole kile, na mikono yake ikaanza kukumbuka. Jino lililovunjika filamu ya kwanza, yeye ndiye aliyeziba pengo kwa nta nyeupe. Mtulinga wa filamu ya nne aliufunika kwa skafu. Jicho la filamu ya saba lilikula kopo zima la poda. Na kila mara kicheko kilikuwa kimetangulia, kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna aliyeumia. Marehemu alipokuwa hai, kicheko kilifuatwa na mkono begani, na mkono ule uliwasahaulisha watu kicheko. Kiti hakikuwa na mkono. Mama Poda aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, maana miaka yote hiyo alisifiwa kwa kuficha.

Jioni, mezani, alimwambia.

"Baba watoto, yule mtu hakucheka vichekesho vyako hata siku moja. Alicheka ukiumia."

Tikiti alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Lakini si alicheka?" akasema.

Kesho yake ilikuwa zamu ya ngazi. Vidato vinane, godoro chini, na Tikiti akishuka na trei ya vikombe. Alianguka mara tatu, na mara zote tatu aliangukia godoroni, vizuri kabisa. Kiti kimya. Macho ya binti yalikuwa mekundu. Maskini, naye alikuwa na hamu ya kumsikia baba yake.

"Mwanangu, picha umeshaipata," Mama Poda alimwambia. "Muache apumzike."

"Kiti hakijacheka, Mama Poda."

"Hicho ni turubai na mbao."

"Ni baba," alisema binti, na kwa hilo hapakuwa na wa kumbishia.

Kabla ya kupanda mara ya nne, Tikiti alisimama kidogo penye godoro kama anayefunga kamba za viatu. Akalisukuma kwa kisigino, likasogea hatua nzima. Mama Poda aliona. Alifungua mdomo, lakini kamera ilikuwa imeshaanza, na katika kazi yao mtu hasemi wala hapiti kamera ikiwa inachukua. Miguu yake, iliyozoea kazi, ikatii. Hilo hakuja kujisamehe.

Vikombe vilitangulia, Tikiti akafuata. Nyonga ililia mlio mmoja mkavu. Na kiti kikacheka, lo, kilicheka kuliko filamu zote kumi na moja, mpaka turubai likatetemeka.

"Imepita!" alisema binti, huku akilia. Watu wakapiga makofi.

Mama Poda alikuwa ameshapiga magoti.

"Kimecheka?" Tikiti alimuuliza.

"Kimecheka."

"Sana?"

"Sana, baba watoto." Tikiti akafumba macho, akatulia.

Wiki ya pili hospitalini, binti alikuja na matunda na kile kiti. Alisema baba yake asingependa kukaa mbali na ndugu yake. Alikikunjua miguuni pa kitanda, akaaga. Alasiri nesi aliingia kumgeuza mgonjwa ubavu wa pili. Tikiti aliguna kwa uchungu, na kiti kikacheka. Nesi akaendelea kunyoosha shuka.

"Umemsikia?" Tikiti alimwambia mkewe, uso umechanua. "Bado hajanichoka."

Mama Poda alitoa poda mkobani, akaitazama, akairudisha.

"Nesi," Tikiti aliita. "Nigeuze tena."

Nesi alitazama saa, akasema kugeuzwa ni kila baada ya saa mbili.

"Haya," alisema Tikiti. "Tutasubiri."