Kaa Chini ya Mzizi

Mkuu wa kikosi cha kuzima moto wa msituni hakumwamini yule mshauri tangu aliposhuka kwenye gari la makao makuu. Mtu wa kusikiliza shida za watu, bure? Thubutu! Huyo katumwa kusaka wenye wazimu ili wafukuzwe. Akawaonya watu wake wafunge midomo, kisha akaingia yeye wa kwanza ofisini kwa mshauri. Aliugusa mlango, akakigusa kiti, akaketi.

"Watu wangu wazima kabisa, dada. Andika hivyo."

Mshauri hakuandika. Daftari lake lilikuwa limefungwa, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Nieleze kazi tu, kaka. Moto ukizimika, mnajuaje umezimika kweli?"

Mtego huo, aliwaza. Lakini swali la kazi litamfunga nani?

"Tunavua glavu, tunapapasa majivu kwa nyuma ya kiganja. Kaa lililojificha chini ya mzizi halionekani, ila mkono haudanganywi."

"Mlango huu uliugusa hivyo hivyo. Na kiti. Na sasa unaipapasa meza yangu. Humu ndani unatafuta moto gani, kaka?"

Alifungua mdomo amtolee uvivu, akauona mkono wake mezani, kiganja kikitazama juu. Mwezi wa pili huu mkewe analala chumba cha watoto, na yeye alikuwa ameshajiaminisha kwamba yupo mwanamume mwingine. Sababu aliyopewa ilikuwa moja tu, naye akaiita kisingizio: "Baba watoto, unanigusa kama majivu."