Mmea Usiopenda Kuhurumiwa

Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wa jirani usituporomokee. Baba aliujenga kwa haraka, na ubaya wake haujapungua tangu siku ulipokauka. Juu yake palibaki ukanda wa udongo, upana wa ndoo, usioota hata magugu. Baba alitaka fundi aufunike kwa zege. Mimi nikaomba nipewe.

Nadhani kilichowashtua ni kwamba nimeomba kitu. Nyumbani mimi ndiye ninayepokea kipande chochote cha kuku kinachobaki, nikashukuru.

"Utapanda nini?" Baba akauliza.

"Oregano ya mapambo."

"Inaliwa?"

"Hapana. Ile ya jikoni, kiungo cha kutia kwenye mchuzi, ni ndugu yake. Hii ni ya kutazamwa tu."

"Ndugu yake yuko jikoni, yeye anatazamwa!" akadakia Bibi, mama yake Baba. "Mke mwenzangu, huo mmea ni wa ukoo wetu kabisa. Babu yako alikuwa hivyo hivyo."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua. Lakini fundi akimaliza kazi ya jirani, akija akakuta udongo mtupu, tunamwaga zege. Sawa?"

Sawa. Nilisomea kilimo cha maua chuoni, na sasa nafanya kazi kwenye bustani ya miche. Nilijua mmea ule unataka jua kali, mawe, na kuachwa na kiu yake. Nilikuwa nimeshauona ukichanua kazini: vishada vya rangi ya waridi vinavyoning'inia kama hereni, kila kimoja kimejaa magamba laini yaliyopandana kama marinda ya sketi. Nilitaka vishada hivyo viufunike ukuta wa Baba wote. Sikuwa nimewahi kutaka kitu kiasi kile.

Mche wa kwanza ulioza. Wa pili nao ukaoza. Majani yalianza kuwa ya njano kutoka chini, kisha shina likalainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Na mvua haikuwa imenyesha.

"Labda udongo wetu hauutaki, mwanangu," Mama alisema kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko kejeli.

Nilibakiwa na mche mmoja. Asubuhi moja sikuwa na zamu kazini, nikasimama na chai yangu kwenye dirisha la jikoni. Nikamwona Bibi anatoka na kikombe. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaumwagia mmea wangu maji. "Kunywa, kipenzi. Usimtie aibu mwenzio."

Hajapotea vizuri kwenye kona, Mama akaja na bakuli la maji aliyooshea mchele. Baada ya Mama, Baba na jagi. Baba yule yule wa zege! Alimimina taratibu, kisha akalifuta jani moja vumbi kwa kidole gumba.

Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu machozi yakanitoka. Walikuwa wanauua kwa ajili yangu. Unawaambiaje watu wanaokupenda kiasi hicho kwamba waache? Nilipanga maneno siku nzima. Wakati wa chakula cha jioni niliomba chumvi tu.

Fundi akaja kabla sijayasema. Alisukuma toroli la kokoto mpaka chini ya ukuta, akautazama mmea wangu uliolegea, akatikisa kichwa. "Huu mbona umeshatuaga?"

"Ngoja kidogo," Baba akasema, akaja na jagi, safari hii bila kujificha. "Tuupe maji ya mwisho. Pengine utaamka."

"Baba, weka jagi chini!"

Hata mimi niligeuka kutafuta aliyesema. Bibi alitoka mlangoni na mwiko mkononi, Mama nyuma yake. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mnauzamisha! Bibi na kikombe, Mama na maji ya mchele, wewe na jagi. Kwao ni kwenye miamba huu. Kiu hauiogopi. Huruma yenu ndiyo inayouozesha."

Baba akamgeukia Bibi. "Kumbe na wewe unamwagia?"

"Kidogo tu. Na wewe?"

"Kidogo tu."

Mama alikuwa anachunguza kucha zake.

"Nipeni muda mpaka utoe maua," nikasema. "Na wewe fundi, naomba kokoto zako."

"Kokoto zangu? Zege nitachanganya na nini, maneno?"

"Mpe," Baba akasema, akaliweka jagi chini.

Niliung'oa mmea, nikakata mizizi iliyokuwa myeusi, nikachimbua tope lote na kujaza kokoto na mchanga. Uliposhika tena, nikakata vichipukizi na kuvipanda sehemu kubwa ya ukanda. Jua likawaka. Bibi alikuwa akipita pale ananung'unika, "Mtoto wa watu anakauka koo," lakini kikombe kilibaki kabatini.

Kisha vikatoka. Kwanza vichache, vya kijani kibichi, halafu waridi likapanda kwenye kila gamba, na vishada vikamwagika ukutani mpaka mawe yakapotea. Nyuki walijaa. Jirani alizunguka kuja upande wetu ili avione.

Fundi naye alirudi na saruji yake. "Nije kumalizia?"

"Muulize mwenye ukuta," Baba akasema, akininyooshea mkono.

"Zege hapana," nikajibu, na sauti ilifika mpaka kwa jirani. "Ila niletee toroli jingine la kokoto. Nataka kufika mpaka kwenye kona."

"Huyu si yule bubu wenu?"

"Alikuwa," Bibi akasema.

Alikuwa amesimama chini ya vishada na kikombe cha maji, mkono umeshainuka nusu. Nikamtazama. Akanitazama. Akashusha pumzi, akayanywa maji yote mwenyewe.