Machicha ya Chai Katika Pipa la Nyamoita

Kila Ijumaa mchana, kabla ya Sabato kuingia, watu wa chama cha kahawa waliosha pampu za dawa juu ya shamba letu, huko Marani, na maji ya buluu yakateremka mferejini hadi kwenye bwawa la mama mdogo Nyamoita. Dawa ile ilikuwa na shaba. Iliponya kahawa na kuua samaki. Mwaka huo wa 1971 ngege wake walikuwa wameelea matumbo juu mara mbili. Alilikausha bwawa, akalijaza maji ya chemchemi, na wale wachache waliopona akawaweka kwenye beseni.

"Wakifa tena Ijumaa hii," alisema mumewe, baba mdogo Makori, "Jumapili naleta vijana tulifukie. Tutapanda migomba."

"Migomba imefika mlangoni," Nyamoita alimjibu. "Unataka tulale juu yake?"

Hakuwa na furaha. Bwawa lile alilichimba mwenyewe kwa jembe, akiwa na mimba ya kitinda mimba wake.

Nilikuwa nimemaliza Makerere na kuanza kufundisha kemia shule moja upande wa Sironga. Nikamwambia Nyamoita ganda la ndizi limesukwa kwa nyuzi ndefu, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na kila uzi una mahali pa kushikia. Maji ya shaba yakipita humo polepole, shaba hunaswa. Nilimwomba akaushe maganda mengi, kisha ayaponde. Alhamisi ningekuja na pipa.

Alhamisi jioni aliniingiza jikoni kwa fahari, akafunua chungu. Ndani mlikuwa na majivu, laini kama unga.

"Nilisema uyaponde, mama."

"Ganda si la kupondwa, mwanangu. Likikauka linachomwa."

Nilikaa juu ya kigoda. Kwetu ganda kavu lina kazi moja tu: huchomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na maji hayo yakalainisha mboga za chinsaga chunguni. Nani angeeleza jambo ambalo kila mtoto analijua? Lakini moto ulikuwa umezila nyuzi zote, na maji ya majivu yangewaunguza samaki mashavu.

Makori alichungulia mlangoni. "Jembe nimeshanoa," akasema, akapita.

Ndipo nikafikiria chai. Jani la chai nalo ni nyuzi tupu, na machicha yake, yale yanayobaki kwenye chujio, yangefaa vilevile. Tatizo ni kwamba sisi ni Wasabato, na Wasabato hatunywi chai. Tulikuwa na ekari nzima ya chai, tuliichuma na kuiuza, na nyumbani hapakuwa na kijiko kimoja cha machicha.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Kisii mjini, kwenye hoteli ndogo ya mzee Shariff.

"Machicha?" aliuliza. "Binti, chai yenyewe ipo."

"Machicha tu, mzee."

"Na umesoma chuo kikuu." Akageuka kuelekea jikoni. "Mariam, mpe mwalimu ndoo zote, kabla hajaomba na maganda ya mayai."

Njiani tulikutana na akina mama wa kanisa letu. Harufu ya chai ilitutangulia.

"Nyamoita, tangu lini?" mmoja akauliza.

"Tangu asubuhi," alijibu, ndoo kichwani, wala hakusimama.

Tuliyasuuza machicha mpaka yakaacha kutoa rangi. Tukatandika kokoto na gunia chini ya pipa lenye matundu, tukayashindilia juu yake, kisha tukaelekeza mfereji mdomoni mwa pipa. Mchana maji ya buluu yalikuja, yakaingia. Makori alikuwa ameegemea jembe lake.

Matone yaliyotoka chini hayakuwa na rangi.

Nilikuwa na chupa ya amonia kutoka maabara ya shule, dawa inayofichua shaba hata isiyoonekana kwa macho. Nikaidondosha kwenye bilauri ya maji ya mferejini, maji yakageuka buluu nzito, buluu ya kutisha. Nikaidondosha kwenye bilauri ya maji ya pipa. Yalibaki meupe. Nikadondosha tena.

"Imekwenda wapi?" Makori aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imo humo. Imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?"

Vitabuni jibu lilikuwapo, lakini pale niliinama kulitazama pipa. Majani yaliyochumwa na mama zetu, yakachemshwa, yakanywewa na watu wengine, yakamwagwa, bado yalikuwa na mikono mingi kuliko nyota, na kila mkono ulijua cha kushika. Nyamoita aliingiza mkono pipani na kuyagusa machicha taratibu, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyelala.

Jua halijazama, aliinua beseni na kuwamimina ngege wake wote bwawani. Nilitaka kumwambia abakize wawili. Hakuniuliza.

Jumapili vijana walikuja na majembe. Makori aliwapeleka mbali na maji, wachimbe shimo la kufukia machicha yale, kwa kuwa nilimwonya kwamba shaba bado imo. Nyamoita alikuwa ukingoni, akirusha unga wa wimbi kidogo kidogo, na kila ulipoanguka maji yalifunguka midomo.