Mapazia ya Nyumba ya Whitfield

Jarvis alipofika mtaani kwetu na kamera yake, nilimtilia shaka tangu mlangoni. Ndiyo, ni Mweusi mwenzetu, kazaliwa hapa hapa Detroit. Lakini mtengeneza filamu aliyemtangulia alikuwa Mweusi pia, akapiga picha nyumba tatu mbovu, akaziacha arobaini zinazokaliwa. Tukaonekana kwenye televisheni kama watu wanaoishi mahameni.

"Filamu yangu si ya namna hiyo, Bi Odessa," akasema.

"Wote husema hivyo, mwanangu."

Siku tano nilimfuata kila alikokwenda. Akielekeza kamera, nami naelekeza macho. Ila kijana alikuwa na adabu, na siku ya sita, akila kipande cha tatu cha pai yangu ya viazi vitamu, nikalegea. Nikamweleza habari za nyumba ya akina Whitfield, waliohama miaka minane iliyopita. Mimi nimetundika mapazia, jirani yangu Cleophus anaegesha gari lake pale mbele, wengine wanakata majani kwa zamu. Wezi wa mabomba ya shaba wakipita, wanadhani kuna watu. Nilicheka mwenyewe nikisimulia. Kamera ilikuwa imewashwa, nami nilijua. Kujivuna tu kulinitia upofu.

Wiki mbili baadaye akaja na kompyuta kunionyesha. Nikajiona nacheka, na nyuma yangu ile nyumba, namba yake mlangoni. Nikaweka kidole kwenye kioo.

"Toa hapo."

"Bi Odessa, huo ndio moyo wa filamu. Acha watu waone tunavyolindana."

"Kwani wezi si watu? Hawana televisheni?"

"Nitaficha namba."

"Na mapazia je? Nyumba yenye mapazia ya njano mtaani hapa ni moja."

Akajikuna kichwa. "Bila hapo sina filamu, shangazi."

Leo nimekuwa shangazi. Nikatia mkono mfukoni mwa aproni, nikaweka ufunguo wa Whitfield juu ya kompyuta yake.

"Basi hamia. Filamu ikitoka, iwe kweli kuna mtu ndani."

 Akausogeza ufunguo pembeni, akabonyeza, na kicheko changu kikakatika katikati.

"Nimeifuta," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Nilimhurumia kweli. Nikamkatia pai, nikavuta kiti karibu naye.

"Na nakala nyingine," nikamuuliza, "umeiweka wapi?"