Zinki za Mashua ya Mwenyekiti

Kila mwaka mashua ya matanga ya mwenyekiti ilivutwa nchi kavu siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, na fundi akalala chali chini yake, spana namba kumi na tatu kifuani. Alikuwa mama wa binti mmoja mwenye nywele nyingi, na pale klabuni walimwita Bi Spana. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Unafungua bolti tatu, unatoa zinki kuukuu, bonge la madini linalofungwa kando ya propela ya injini, lililoliwa likabaki kama kipande cha sabuni, unasugua kwa brashi ya waya, unafunga mpya. Maji ya chumvi lazima yale kitu. Yakikuta zinki, yatakula zinki na kuiachia propela ya shaba amani yake. Zinki imeletwa duniani iliwe.

Mwaka huo mwenyekiti wa klabu alikuja na viatu vyeupe, akainama kidogo sana.

"Mbona hizi kijivu? Zinafanana na jino bovu. Zipakwe buluu, ziende na mashua."

"Bosi, zinki ikipakwa rangi hailiwi."

"Si ndicho ninachotaka! Nimechoka kununua kitu kila mwaka kiende kuliwa."

Aliye juu mngoje chini, na huyu hakuwa na dalili yoyote ya kushuka. Bi Spana akapaka, tena akapaka vizuri.

Mwezi wa pili kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepungua pingili moja. Hakikuuma wala kutoa damu. Aligundua Jumapili alipokuwa akimsuka binti yake, nywele zikamponyoka.

"Mama, leo mistari imepinda."

"Nimeliwa kidogo. Kaa sawa."

Daktari alikitazama kidole, akauliza kama anafanya kazi karibu na shaba, akaandika kwamba akae mbali na bahari. Karani wa klabu aliirudisha barua hiyo kwa heshima zote. Fomu ya ajali ilikuwa na visanduku vya kukatika, kuungua, kuvunjika na kuanguka. Kuliwa hakukuwamo, na karani hakuwa mtu wa kujichorea visanduku.

Kufikia mwezi wa tano vidole viwili vilikuwa vimekwisha na cha tatu kilikuwa njiani. Propela iling'aa ajabu. Mashua ikapewa kikombe cha utunzaji bora, mwenyekiti akahutubia nusu saa juu ya moyo wa kujitolea, kisha akamtaka Bi Spana asimame apigiwe makofi.

Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni Jumapili. Binti yake hakukubali kichwa chake kishikwe na mtu mwingine, na ile saa ya kusuka ndiyo pekee waliyoongea bila kugombana. Basi siku moja alipiga mbizi na kisu, akakwangua rangi yote kwenye zinki. Kidole kikasimama palepale. Akala raha wiki tatu. Mashua ilipovutwa kwa ajili ya sherehe, mwenyekiti akaona kijivu, akaamuru zipakwe upya, mara tatu, na akasimama hapohapo hadi zikakauka.

Kopo lilibaki nusu. Bi Spana alitazama vidole vyake saba na kipande, akachovya brashi, akajipaka kuanzia kucha hadi viwiko. Havikuliwa tena. Jumapili hiyo alisuka kwa mikono ya buluu, na binti akasema afadhali leo.

Bahari ikahamia kwa mlinzi, ikaanza na sikio la kulia.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alisema mlinzi, akaomba rangi. Karani, alipopoteza ncha ya pua, alikuja na kopo lake mwenyewe kutoka nyumbani. Mwezi wa nane klabu nzima ilikuwa buluu, isipokuwa mwenyekiti, ambaye hajawahi kulowa.

Hapo ndipo propela ilipotoboka tundu dogo, kama la sindano. Loo! Kikao cha dharura kikaitishwa siku hiyohiyo. Bi Spana akanyoosha mkono, akasema zikwanguliwe tu zinki, mambo yaishe. Akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Jioni tangazo likabandikwa getini:

*Anatakiwa fundi msaidizi. Uzoefu si lazima. Mwombaji asiwe amepakwa rangi sehemu yoyote ya mwili.*

Asubuhi watu kumi na wanane walipanga foleni, mikono mbele, tayari kukaguliwa. Wa tatu alikuwa mdogo wake Bi Spana, wa tumbo moja, baba wa mapacha, aliyekaa bila kazi tangu kiwanda chao kifungwe. Bi Spana alikimbilia stoo. Kwenye kopo kulikuwa na rangi ya kutosha mikono miwili, basi. Alirudi na brashi inadondosha, akamshika kiganja.

Mdogo wake akauchomoa mkono, akauficha mfukoni.

"Dada, tafadhali, usinipake. Ndio wananiita sasa hivi."

Kweli walikuwa wakimwita. Alikuwa na viganja vikubwa, vya ukoo wao. Mwenyekiti alivigeuza mbele, akavigeuza nyuma, akasema hivi vitafika hata miaka miwili.