Mkoromo Kwenye Chemchemi

Kazini walimwita Sikio, na hakukasirika, maana kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Msitu ulikuwa umefungwa vinasa sauti juu ya miti, na kompyuta ilikuwa imefundishwa kutambua mlio wa msumeno wa injini. Ikiusikia tu, inamletea Sikio kipande cha sauti. Yeye huvaa hedifoni, husikiliza, kisha huchagua: msumeno, mnyama, au mtu. Akichagua msumeno au mtu, askari wa msitu wanatoka. Tangu vinasa vifungwe wakata miti walikuwa wameshika adabu, na Sikio alijivunia kazi yake bila kificho.

Mchana huo kompyuta ilimwita: msumeno, karibu na chemchemi. Mlio ulipanda, ukakwama, ukapiga kamluzi, ukashuka. Sikio akacheka peke yake. Msumeno gani huo! Mlio ule alilala nao kitanda kimoja utoto wake wote. Ulikuwa mkoromo wa mama yake.

Kisha kicheko kikamkauka. Mama analala msituni kwa nini, wakati kila akiulizwa kama usiku anapata usingizi hujibu, "Mimi nalala fofofo, msinihangaikie"? Baba alikuwa amepooza upande mmoja, na mama ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akaamka kila alipoguna. Watoto wote walilimeza jibu lile kwa sababu liliwafaa. Hata huyu anayelipwa kwa kusikiliza alilimeza.

Akarudisha kipande nyuma apate kuelewa. Kabla ya mkoromo mama alikuwa akiongea, taratibu: "Leo nimemkaripia, Mungu wangu. Nimemkaripia mtu asiyeweza hata kujifuta mate, na..."

Sikio akazima.

"Bosi," akauliza, "hivi mashine haiwezi kufuta sauti za watu?"

"Tukizifuta tutamkamata nani? Msumeno hauendi msituni wenyewe, dada."

Bosi hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomuuma Sikio. Akarudi mezani, akachagua mnyama, huku akimwomba mama yake radhi kimoyomoyo.

Jioni alimkuta mama akikunja mashuka ya mgonjwa.

"Mama, nahamia hapa. Usiku baba nitamwangalia mimi."

"Nani kakwambia nimeshindwa?"

Angeweza kudanganya, lakini ulimi ulikataa. "Kule kwenye chemchemi kuna chombo chetu juu ya mti. Kinasikia."

"Kinasikia nini?"

"Kilidhani unakata mti, mama. Kumbe unakoroma."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamkazia macho. "Na kabla ya hapo?"

"Nilisikia kidogo tu, nikazima."

"Na wenzako?"

Hapo Sikio akainamisha kichwa. "Sauti inabaki, mama. Anayetaka anaweza kuisikia. Nitawaomba wakitoe kile chombo."

"Wakikitoa, wenye misumeno si watajua pa kupita?" Mama akaketi kitandani. "Kiacheni. Yale ndiyo maji tunayokunywa. Ila pale ndipo nilipokuwa peke yangu, mwanangu. Sikuwa na pengine."

Sikio akaona aibu, aibu ya mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Simu yake ilikuwa mezani, na mama alikuwa akiitazama kana kwamba nayo inasikia. Akaichukua, akatoka nayo uani, akaitumbukiza kwenye ndoo tupu na kufunika. Akarudi, akafunga mlango, akaketi karibu na mama yake.

Mama akalikunjua shuka lililokwisha kukunjwa, akaanza kulikunja upya.

"Nimechoka na baba yako," akasema. "Nampenda, na nimechoka."